Hatukuandikiana

Neno la msingi: Zaburi 15:4, Mathayo 5:37



Majuzi baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza, "Pastor, niko na swali, lakini si la hapa." Tukaenda tukakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya hema la watoto. Swali lake lilikuwa fupi. "Kama niliahidi kwa mdomo tu, na wakili ameniambia kortini hawawezi kunishika, mimi bado niko na deni?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia nitaliombea, na kweli niliomba. Lakini sababu kubwa ni kwamba swali lake lilinigusa mahali ambapo sijawahi kuwaambia. Leo nitawaambia. Ndugu huyo amenipa ruhusa niandike habari yake bila jina, kwa hiyo ni haki na mimi nianze na yangu.

MEZA 20

Nilipomaliza digrii ya biashara, kabla sijaingia kwenye huduma, nilianzisha kabiashara kadogo ka kukodisha mahema, viti na meza za harusi na matanga. Nilikuwa kijana wa tai na faili. Nikaenda kwa fundi mmoja wa mbao, mzee wa umri wa baba yangu, tukaelewana anitengenezee meza 20, kila moja shilingi 4,500. Jumla ni 90,000. Nikamtumia dipoziti ya 20,000 kwa M-Pesa pale pale. Hatukuandikiana kitu. Akachukua vipimo, tukashikana mikono, nikaenda zangu.

Baada ya wiki tatu akaniletea meza 8. Kazi safi, sikuwa na la kulalamika. Lakini wiki hiyo hiyo nikapata fundi mwingine wa 3,500. Nikapiga hesabu haraka: zimebaki meza 12, kila moja nikiokoa elfu moja, hiyo ni 12,000. Kwa biashara changa, 12,000 si mchezo. Nikampigia yule mzee simu nikamwambia asiendelee. Akaniambia mbao za zile 12 ameshanunua na ameshazikata. Hapo nikamjibu maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Mzee, tusibishane. Mkataba uko wapi? Nionyeshe mahali nilipotia sahihi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, sikujua wewe ni mtu wa karatasi. Ungeniambia mapema."

Nikamlipa baki ya zile 8, yaani 16,000, tukaachana. Nilijiona mjanja. Nilisimulia wenzangu vile elimu inasaidia mtu. Na ili msidhani hii ilikuwa kabla ya wokovu: nilikuwa nimeokoka, na Jumapili nilikuwa naimba kwaya.

SHERIA INASEMA NINI HASA

Wengi wetu tunaamini kwamba bila sahihi hakuna mkataba. Mimi nilifundishwa sheria ya biashara darasani, nikafanya mtihani nikapita, na bado siku ile nilijifanya kuamini hivyo kwa sababu kulinifaa.

Ukweli ni kwamba katika Kenya mapatano ya mdomo ni mkataba. Mmoja akitoa pendekezo, mwingine akalikubali, kila upande ukawa na kitu unachotoa, na wote wakakusudia kufungwa na maneno yao, hapo mna mkataba hata kama hakuna kalamu iliyoguswa. Unapopanda matatu hutii sahihi popote, lakini kondakta ana haki ya nauli yake na wewe una haki ya kufikishwa. Anayedai haki ya mkataba wa kawaida ana miaka 6 ya kwenda mahakamani tangu ulipovunjwa. Shida ya mkataba wa mdomo ni kuuthibitisha, na siku hizi hata hilo si gumu kama zamani. Ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp, mzigo uliofikishwa, shahidi aliyekuwepo, vyote vinaweza kuzungumza.

Lakini yako mapatano ambayo sheria imeyawekea ukuta. Ardhi ni ya kwanza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema kesi ya mauzo ya ardhi haitasikizwa mpaka mapatano yawe yameandikwa, wahusika wote wametia sahihi, na sahihi hizo zimeshuhudiwa. Udhamini ni wa pili. Ukimwambia mtu, "Mkopeshe fulani, asipolipa nitalipa mimi," hawezi kukushtaki mpaka ahadi hiyo iwe kwenye maandishi yenye sahihi yako. La tatu wengi hawalijui. Sheria ya mauzo ya bidhaa, iliyotungwa enzi za ukoloni, inasema bidhaa za thamani ya shilingi 200 kwenda juu zinahitaji maandishi yenye sahihi ya anayeshtakiwa, isipokuwa mnunuzi awe amepokea sehemu ya mzigo, au ametoa malipo ya kwanza.

Sasa rudi kwenye meza zangu. Nilikuwa nimepokea sehemu ya mzigo, meza 8. Nilikuwa nimetoa malipo ya kwanza, 20,000, na ujumbe wa M-Pesa upo. Sheria ilikuwa upande wa yule mzee mara mbili. Mimi na digrii yangu ndio tuliokuwa nje ya sheria. Yeye hakujua, na mimi sikumwambia.

Malipo hayo ya kwanza Biblia yetu inayaita arabuni. Fungua 2 Wakorintho 1:22 na Waefeso 1:14 uone neno hilo limetumika kwa nani. Limetumika kwa Roho Mtakatifu. Mungu alitoa arabuni juu yetu, maana yake aliyeanza kutulipa atamaliza. Kila Jumapili nilikuwa nasimama kwaya nikimshukuru Mungu kwa arabuni yake, na mimi yangu niliitoa halafu nikakimbia.

KARATASI NI YA YULE AMBAYE HAKUWEPO

Lakini kugundua kwamba sheria ilikuwa upande wa mzee silo lililonisumbua zaidi. Lililonikosesha usingizi ni hili: je, kama ingekuwa upande wangu? Tuseme sikutoa dipoziti, wala meza hata moja haijafika. Je, ningekuwa sina hatia?

Angalieni vizuri vile sheria yenyewe inavyozungumza. Haisemi kwamba aliyeahidi kwa mdomo hakuahidi. Inasema tu kwamba kesi isiletwe. Na sababu yake ni ya busara. Jaji hakuwepo pale mlipoongea. Analetewa watu wawili, kila mmoja na hadithi yake, na watu wamedanganyana juu ya mashamba na madeni tangu zamani. Kwa hiyo sheria inamlinda jaji asidanganywe, na inamlinda mtu asibambikiwe deni ambalo hakulichukua. Karatasi ni ya yule ambaye hakuwepo.

Lakini wewe ulikuwepo. Unajua ulisema nini. Na Mungu alikuwepo. Labani na Yakobo, watu wawili waliokuwa wamedanganyana miaka 20, walipoagana pale mlimani Labani mwenyewe alikubali kwamba hata kama hakuna binadamu wa kushuhudia, Mungu ni shahidi kati yao (Mwanzo 31:50). Huyo ni Labani, aliyebadilisha mshahara wa Yakobo mara kumi. Kama Labani alijua hilo, sisi tuliojazwa Roho tutasema hatujui?

Ndiyo maana nasema kuna maswali mawili tofauti, na shetani anapenda tuyachanganye. La kwanza: je, anaweza kunishtaki? Hilo muulize wakili. La pili: je, nina deni? Hilo wakili hawezi kukujibu, kwa sababu hata yeye hakuwepo.

Someni Yoshua 9. Wagibeoni walikuja na mikate iliyoota ukungu na viatu vilivyochakaa, wakamdanganya Yoshua kwamba wametoka mbali. Viongozi wa Israeli wakawaapia bila kumuuliza Bwana. Siku tatu baadaye ukweli ukatoka. Kama kuna watu waliokuwa na kisingizio kizuri cha kuvunja mapatano, ni hao. Lakini hawakuwagusa, kwa sababu walikuwa wameapa. Miaka mingi baadaye Sauli akawaua Wagibeoni, na 2 Samweli 21 inatuambia nchi ilipata njaa miaka mitatu kwa ajili ya hilo. Mungu alikuwa bado anakumbuka.

KALAMU ILIKUWA KWA NANI?

Nilipomuuliza yule mzee, "Mkataba uko wapi?" kuna swali nililoficha. Nani kati yetu alipaswa kuuandika? Mzee anajua mbao. Mimi ndiye niliyekuwa na faili, kompyuta na digrii. Nilikuwa na kalamu nikaamua kutoitumia, halafu nikamlaumu yeye kwa kukosa karatasi.

Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 ina hekima hapa ambayo inafaa kila mpendwa anayeajiri mtu nyumbani, dukani au kwenye mjengo aijue. Inatambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo. Kazi ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuandikwa, na wa kuandika ni mwajiri. Mwajiri asipoandika, halafu kesi ifike mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unamwangukia yeye. Kwa maneno mengine, karatasi ikikosekana, anayeulizwa ni yule aliyekuwa na kalamu.

Hebu tujiulize. Yule dada anayetulelea watoto, tulimwambia mshahara ni ngapi? Tulimwahidi siku gani za kupumzika? Alipokuja tulimwambia tutamwongezea baada ya miezi sita. Imepita miaka miwili. Akiuliza tunasema, "Ati nani alisema?" Yakobo 5:4 haituulizi kama kibarua alikuwa na barua ya kuajiriwa. Inasema ujira uliozuiliwa unalia wenyewe, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Na hili liende hata kwenye ardhi. Tunazijua familia ambazo baba aliuza kipande kwa mdomo, akapokea pesa yote, akamwonyesha mnunuzi mpaka, mnunuzi akajenga na kupanda. Baba anazikwa Jumamosi, Jumatatu watoto wanamwambia mnunuzi, "Lete karatasi." Mahakama zetu zenyewe zimewahi kuona aibu ya jambo kama hilo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikutana na muuzaji aliyepokea pesa za wanunuzi zaidi ya 80, wakaingia kwenye ploti zao, kisha akataka kujiondoa kwa sababu karatasi ya idhini ya bodi ya ardhi haikupatikana. Mahakama ikasema ameishika ardhi ile kama amana kwa ajili yao. Mpendwa, usinunue ardhi kwa kutegemea huruma ya jaji. Andika, pata wakili, fanya utafiti wa hati. Lakini wewe mtoto wa marehemu unayejua baba yako alipokea pesa, usingoje jaji akuambie neno amana. Umelisikia kanisani.

NDUGU YETU NA DENI LA MWENZAKE

Sasa turudi kwa ndugu wa viti vya plastiki. Alikuwa amesimama na rafiki yake kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamwambia mwenye duka, "Mpe tu, asipolipa niulize mimi." Rafiki akabeba saruji na mabati ya 45,000, akahama, simu haishiki. Mwenye duka akamtafuta ndugu yetu. Wakili akamwambia ukweli: udhamini wa mdomo haumfungi mahakamani. "Je, Pastor, niko huru?"

Nilipomwita tena nilimwambia: kortini uko huru. Sasa niambie, yule mwenye duka angempa rafiki yako hiyo saruji kama wewe hungefungua mdomo?

Akafikiri. Akasema, "Hapana. Hakuwa anamjua."

Hapo ndipo deni lilipo. Ahadi si sauti tu. Inamsukuma mtu mwingine kufanya kitu ambacho hangefanya. Mzee alinunua mbao kwa sababu ya neno langu. Mwenye duka alifungua stoo kwa sababu ya neno la ndugu yetu. Mtu akishahama mahali alipokuwa kwa sababu uliahidi, huwezi kusema hukusema kitu.

Lakini sikutaka kumtwika mzigo halafu niende kula chakula cha mchana. Ana watoto shuleni. Mke wake hakufurahi kabisa, na simlaumu. Pesa hiyo ilikuwa ya karo. Kwa hiyo tulifungua Mithali 6:1-5. Maandiko hayo yanamwambia mtu aliyenaswa na maneno ya kinywa chake mwenyewe aende haraka, ajinyenyekeze, amsihi yule aliyemwahidi. Hayamwambii ajifiche, wala hayamwambii atafute kasoro kwenye mkataba. Yanamwambia aende kwa mtu. Sababu ni kwamba anayeweza kukufungua kutoka kwa ahadi ni yule uliyemwahidi. Wewe mwenyewe huwezi kujifungua.

Alienda. Akamwambia mwenye duka, "Najua huwezi kunishtaki. Nimekuja kwa sababu nilisema." Wakakubaliana 5,000 kila mwezi, na safari hii wakaandika. Amefika mwezi wa nne. Yule rafiki bado hashiki simu. Sitawaambia kwamba Mungu amemrudishia mara mia, kwa sababu bado hatujaona hivyo. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba anapita mbele ya duka lile bila kuvuka barabara.

Na fungueni Filemoni, mstari wa 18 na 19. Paulo anajitolea kulipa deni la Onesimo, na anasisitiza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Mtume wa Bwana, ambaye neno lake lilitosha, alichukua kalamu alipomdhamini mtu.

JE, KILA AHADI INAFUNGA?

Hapana, na hili lazima lisemwe. Herode aliahidi mbele ya wageni, na kwa kuona haya akamkata Yohana Mbatizaji kichwa (Marko 6). Hiyo haikuwa uaminifu. Ilikuwa dhambi juu ya dhambi. Ahadi ya kumdhuru asiye na hatia haifungi mbele za Mungu, na mahakama pia haitekelezi mkataba wa kufanya uhalifu hata ukiandikwa na kupigwa muhuri. Zaburi 15:4 inamsifu mtu ambaye ameapa kwa hasara yake na habadiliki. Kwa hasara yake. Kama ahadi inakuumiza wewe mfukoni, shika. Kama kuitimiza ni kumtendea mwingine uovu, tubu kwa kuahidi vibaya.

Kuna pia ile hali ambapo watu wawili waaminifu wanakumbuka tofauti. Huyu anakumbuka 30,000, yule anakumbuka 25,000, na hakuna anayedanganya. Mimi nimegundua kwamba kumbukumbu yangu ina tabia ya kuelekea upande wa mfuko wangu. Mkifika hapo msirushiane neno mwongo. Tafuteni mtu wa kati, kila mmoja aachilie kidogo. Na mara ijayo andikeni.

KUANDIKA SI KUKOSA IMANI

Hapa ndipo sisi watu wa kanisa tunapojikwaa. Ukimwambia ndugu, "Tuandikiane," anaumia. "Kwani huniamini? Si sisi ni wapendwa?" Lakini Yeremia, akiwa kifungoni na Yerusalemu imezungukwa na maadui, alinunua shamba la binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akaweka hati kwenye chombo cha udongo ili idumu (Yeremia 32). Alinunua kwa jamaa, kwa agizo la Mungu, na bado akaandika. Ibrahimu naye alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 mbele ya watu wote walioingia langoni. Hakuwa na karatasi, lakini hakukosa mashahidi.

Kuandika ni kumpenda ndugu yako kiasi cha kutotaka ategemee kumbukumbu yako, wala watoto wako baada yako. Si lazima iwe ya wakili kila mara. Kwa biashara ndogo, tuma ujumbe: "Tumekubaliana meza 20 kwa 4,500, dipoziti 20,000, zilizobaki kufikia tarehe fulani. Ni sawa?" Akijibu "sawa", mmeandikiana kiasi cha kuwakumbusha wote wawili. Kwa ardhi na udhamini, ujumbe wa simu usikutoshe. Fanya vile sheria inavyotaka, sahihi na mashahidi.

Halafu ukishaandika, usiwe mtumwa wa karatasi. Kama uliongeza neno kwa mdomo baada ya kutia sahihi, na mwenzako akalitegemea, hilo pia ulilisema.

NDUGU AKIKATAA JE?

Mmoja atauliza, "Na mimi ninayedai? Paulo katika 1 Wakorintho 6 si alikataza tusishtakiane?" Someni mpaka mstari wa 8. Mara nyingi tunalitumia andiko hilo kumnyamazisha anayedai, na kumbe Paulo anamgeukia anayedhulumu na kumwambia kwamba anawadhulumu ndugu zake mwenyewe. Njia ya kwanza ni Mathayo 18: nenda peke yako, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Ofisi ya wazee iko wazi kila Alhamisi jioni, na hata Katiba yetu, kifungu cha 159, inatambua upatanisho. Lakini hatutalitumia kanisa kuwa maficho ya wadaiwa. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mahakama ya madai madogo, ambayo sasa inasikiza kesi zisizozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60. Paulo mwenyewe alikata rufaa kwa Kaisari. Ukifika huko umefuata njia zote kwa upendo, hakuna mchungaji hapa atakayekuhukumu.

Lakini mimi natamani tusifike huko. Natamani mtaani wakisikia mtu ni wa kanisa letu, wajue neno lake linatosha, na karatasi yake inalingana na neno lake.

NILIRUDI

Baada ya kuzungumza na ndugu yetu, sikuweza kusimama madhabahuni nikamwambia mwenzangu alipe na mimi nimekalia yangu. Nilimtafuta yule mzee. Alikuwa amehamisha karakana yake. Nilimkuta anapiga randa, nywele zimekuwa nyeupe. Nikamkumbusha. Hakuhitaji kukumbushwa.

Nikamuuliza hasara ilikuwa ngapi. Akachukua penseli nyuma ya sikio, akapiga hesabu kwenye kipande cha ubao: mbao nyingine alizigeuza stuli, nyingine ziliharibika, na kijana wa kibarua ilibidi amlipe kutoka mfukoni. Akafikia 18,000. Nilikuwa nimejiandaa kwa zaidi, nikataka kuongeza. Akakataa. Akasema, "Nimekwambia 18."

Nikamtumia. Simu yake ikalia, akasoma ujumbe, akaniambia ngoja. Akachana karatasi kwenye daftari la wateja, akaandika kwamba amepokea 18,000, deni la meza limekwisha, akatia sahihi. Akanipa kalamu na mimi nitie yangu.

Karatasi hiyo iko ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi 15. Ukitaka kuiona, njoo ofisini.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kuna mtu alifanya jambo kwa sababu ya neno langu, na mimi nikarudi nyuma? Nitamwendea lini wiki hii?
2. Kati yangu na mfanyakazi wangu, fundi wangu au mpangaji wangu, kalamu iko mkononi mwa nani?
3. Ni mapatano gani ninayoyaendesha kwa mdomo sasa hivi ambayo yanafaa kuandikwa kabla ya Jumapili?

TUOMBE

Bwana, wewe ulitupa arabuni na hujatuacha. Tukumbushe maneno tuliyoyasema na kuyasahau. Tupe ujasiri wa kurudi kwa watu tuliowakimbia, na mfuko wa kulipa tulichoahidi. Uwape neema wale tuliowadhulumu. Ndiyo yetu na iwe ndiyo. Katika jina la Yesu. Amina.